Alichokuwa Anapika Bibi Zuhura

Nipo kwenye grupu la simu la akina mama wa mtaani kwetu, hapa Makanyagio, na kila siku kabla ya saa nne asubuhi lazima mmoja aandike: jamani, leo tunapika nini? Hapo majibu yanaanza kumiminika. Huyu anasema bamia na nyanya chungu, yule anatuma picha ya biringanya alizokaanga jana, mwingine analalamika kwamba watoto wamechoka dagaa na yeye mwenyewe akili imeishia hapo. Nasoma zote. Najua kupika, wala sijisifu, na mboga za kubadilisha wiki nzima ninazo kichwani. Lakini sijawahi kumjibu mtu hata mara moja. Wenzangu wanadhani naringa.

Juzi jirani yangu alipika maboga kwa karanga. Harufu ilipita juu ya ukuta ikaja kukaa ukumbini kwangu, na mwanangu wa mwisho akasema, "Mama, na sisi kesho tupike hayo." Nikamkaripia. Mtoto wa watu hajafanya kosa lolote, kasema tu anataka maboga, na mimi namfokea. Baadaye nilimwita nikamwomba radhi, lakini sikumweleza sababu. Nitaieleza hapa, kwa watu wa rika langu, maana nyie mlikuwa watoto wa kutumwa kama mimi na mnajua mtoto wa kutumwa ana nguvu kiasi gani mkononi mwake bila mtu kumwambia.

Tulikuwa tunakaa Majengo, nyuma ya duka la baba. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu Shabani, na kwetu mzazi hatoki nje ya ua mpaka arobaini ziishe. Kazi za jikoni alikuja kuzishika shangazi Mwajuma kutoka Sibwesa, dada yake baba, mwanamke mkulima, mwenye roho safi na mboga moja. Alikuja na gunia la maharage kutoka shambani kwake na alikusudia tulimalize. Maharage mchana, maharage usiku. Siku ya sita baba alisukuma sahani pembeni taratibu, akasema ameshiba, halafu tukamsikia dukani anafungua biskuti.

Ndipo mama akaniita chumbani. Alikuwa amejifunga tumbo kwa kanga, mtoto kifuani, uso umechoka. Akasema, "Nenda kwa Bibi Zuhura. Mwambie mama anakusalimia, anauliza leo unapika nini, sisi huku akili zimetuishia. Akikwambia, usiishie mlangoni. Ingia mpaka jikoni, funua sufuria uone kwa macho yako, ndiyo uje uniambie."

Bibi Zuhura hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa mpishi wa shughuli, yule ambaye kwa miaka mingi hapakuwa na harusi wala hitima pale Majengo isiyopikwa na mikono yake. Mama alipoletwa Mpanda akiwa mwali, hajui hata kuchuja tui, yeye ndiye aliyemfundisha. Sasa alikuwa mtu mzima sana, mguu mmoja umevimba, anakaa peke yake nyumba ya mwisho ng'ambo ya kiwanja cha mpira, upande wa relini. Wapangaji wake wawili walikuwa wamehama. Mtoto wake wa pekee, Hamisi, alikuwa fundi Dar es Salaam.

Mimi nilielewa hivi: mama yangu hajui kupika, kwa hiyo ananituma kuiba mawazo ya mboga kwa mtu anayejua. Na nilielewa kwamba kufunua sufuria ni kuhakikisha Bibi Zuhura hatudanganyi, hatupi mboga mbovu akabaki na nzuri. Ndivyo nilivyoona, na nilimwonea mama aibu.

Siku za mwanzo nilikwenda vizuri. Nilikuwa nampigia hodi, nasema shikamoo, anaitikia marahaba kutoka ndani kwa sauti ya kukwaruza, kisha anasema, "Mjumbe amekuja. Haya, leo mama yako anataka nini?" Alikuwa akikaa kwenye kigoda, mguu ameuweka juu ya kiti, na ananieleza upishi kama anayemweleza mtu mzima. Majani ya kunde yaliyokaushwa, alisema, yanalowekwa kwanza, yanamwagwa maji ya kwanza, halafu karanga zinatiwa mwishoni, moto ukiwa umepungua. Mchicha usikatwe kabla ya kuoshwa. Viazi vitamu si vya kuchemsha tu, vinapondwa na maharage, hata hayo ya shangazi yako. Nilikuwa nakariri njiani nisisahau. Shangazi Mwajuma alipika kwa maelekezo ya kupitia mlango wa chumba, na baba akaacha biskuti.

Na sufuria nilifunua. Siku nyingine ndani kulikuwa na alichokisema. Siku nyingine hakikuwemo. Siku moja alisema, "Mwambie mama yako leo napika mlenda na dagaa," na nilipofunua nikakuta uji, tena kidogo, umeganda pembeni. Nikafunika, nikaenda kumwambia mama: kasema mlenda, lakini ni uji. Mama akamwambia shangazi ajaze bakuli kubwa, wali chini na mboga juu, afunike kwa sahani, nimpelekee Bibi Zuhura. "Mwambie ni asante ya kutufundisha," alisema. Mimi nikaona ni malipo. Niliona hata mama anamlipa zaidi ya kazi aliyoifanya, kwa kuwa siku hiyo alikuwa amemdanganya.

Wasichana wenzangu walikuwa wanacheza rede kiwanjani kila jioni, na njia ya kwenda kwa Bibi Zuhura ilipita katikati yao. Mmoja wao alishawahi kunisindikiza, akaona ninavyoingia jikoni kwa watu na kufunua. Basi ikawa jina. Wakiniona: Funua anakuja! Funua, kwetu leo tumepika nini, njoo ufunue! Siku ile ya bakuli walinifuata mpaka nusu ya njia wakiimba. Nilimkabidhi bibi bakuli lake mlangoni bila hata kukaa. Alisema, "Kaa basi mjumbe, hujanieleza habari za mtoto." Nikasema shangazi ananisubiri. Uongo. Hakuna aliyekuwa akinisubiri.

Kesho yake nilipotumwa, nilifika kiwanjani nikaishia hapo. Nilisema nitacheza kidogo kisha niende. Nikacheza mpaka jua likashuka, na nilipokuwa narudi nyumbani nikajiuliza nitasema nini. Nilikuwa na hamu ya maboga. Nikamwambia mama, "Bibi anapika maboga kwa karanga."

"Umefunua?"

"Nimefunua. Yamejaa."

Mama alitabasamu, mara ya kwanza naona tabasamu lake tangu mtoto azaliwe. Akasema, "Kumbe ana nguvu kidogo. Wazo zuri hilo, kesho na sisi tupike." Kesho yake tukapika, na yalikuwa matamu, na mimi nikagundua jambo ambalo mtoto hapaswi kuligundua: kwamba nikitaka kula kitu, nakitia kwenye sufuria ya Bibi Zuhura.

Siku zilizofuata bibi alikula vizuri sana. Alikula uyoga kwa karanga, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha na uyoga ulikuwa unauzwa sokoni kwa mafungu. Alikula mayai yaliyovurugwa ndani ya mchicha. Alikula kisamvu. Siku moja alikula kuku, nikasema amechinjwa kwa sababu alikuwa anadonoa wenzake. Mama alikuwa akisikiliza, anauliza kama sufuria imejaa au ni nusu, na mimi nasema imejaa. Bakuli halikwenda tena, maana mtu mwenye kuku hapelekewi bakuli. Hilo sikulitafakari. Nilichojua ni kwamba nyumba yetu ilikuwa inapendeza, baba anarudi mapema kula, shangazi anasifiwa na kila mtu, na mimi nacheza rede na hakuna anayeniita Funua.

Mara moja tu mama alishtuka. Nilikuwa nimeonja wali wa nazi kwenye harusi, ladha ile ilikuwa haijanitoka, nikamwambia bibi kapika samaki wa nazi.

Mama akainua kichwa. "Nazi? Kaipata wapi nazi?"

Nazi Mpanda zilikuwa zinakuja kwa treni, chache, na bei yake si ya mjane. Nilisimama pale nikaona nimekwama. Ndipo yakanitoka maneno ambayo nimeishi nayo. Nikasema, "Hamisi kaja. Kamletea."

Mama alinitazama muda. Mtoto alikuwa analia, hakuwa amelala usiku mzima. Akamweka begani, akampigapiga mgongo, akasema, "Alhamdulillahi. Basi waache, mama na mwanae wana mengi ya kuzungumza. Usiende tena kuwasumbua."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitoka mbio kwenda kiwanjani.

Siku tatu baadaye, mchana, baba aliingia ndani kutoka dukani akiwa ameshika simu. Alisimama mlangoni kwa mama na kusema, "Hamisi kapiga kutoka Dar. Simu ya mama yake haipatikani tangu juzi, anaomba mtu akamwangalie."

Mama akasema, "Kutoka Dar?"

Sikumbuki nani alisema nini baada ya hapo. Nakumbuka viatu vya baba, alivaa kimoja akasahau kingine. Shangazi alimfuata na mimi nikawafuata nyuma. Majirani wa Bibi Zuhura walitoka wakashangaa kutuona, mmoja akasema, "Si yuko kwenu? Sisi tuliona mlango umerudishwa, tukajua yuko kwenu anamkanda mzazi." Na walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Hakuna mzazi wa Majengo aliyemaliza arobaini zake bila mikono ya Bibi Zuhura mgongoni. Wote walijua yuko kwetu, na sisi tulijua yuko na mwanae.

Alikuwa kitandani. Hai. Mguu ulikuwa umebadilika rangi na chumba kina harufu ambayo sitaiandika. Ndoo ya maji ilikuwa pembeni yake, imebaki tone chini. Shangazi Mwajuma, mwanamke yule wa maharage, alimbeba peke yake mpaka barabarani.

Jioni baba aliniita. Hakuwa mtu wa kupiga. Aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Nani alikwambia Hamisi amekuja?"

Nikasema, "Bibi mwenyewe. Hata sufuria ni yeye aliyesema zimejaa, mimi sikufunua."

Na ikaaminika. Wauguzi walisema homa ilikuwa imempanda kichwani siku nyingi. Ikawa habari ya mtaa mzima: Bibi Zuhura katika ugonjwa wake alikuwa anamwona mwanae, anamwona amekuja na nazi, anaona na sufuria zimejaa, na anamsimulia mtoto wa watu, na mtoto wa watu atajuaje. Kila kitu nilichokizua nikampa yeye, akakibeba.

Kesho yake baba alinichukua kwenda hospitali kumsalimia. Macho yake yalikuwa wazi na yalikuwa yake, si ya mtu aliyechanganyikiwa. Baba aliinama akamwambia, "Bibi, Hamisi yuko njiani anakuja. Huyu mtoto anatuambia ulikuwa unamwona, amekuletea na nazi."

Aliniangalia. Nilikuwa nimeshika pindo la shati la baba. Aliniangalia kwa muda ambao hata leo nikifumba macho bado haujaisha, kisha akasema polepole, "Kama mjumbe wangu amesema, basi ni kweli."

Alifariki usiku ule, Hamisi akiwa Tabora anasubiri treni.

Mpaka leo sijui alininusuru au homa ilikuwa kweli imemchukua na alikuwa anakubali tu kila anachoambiwa. Nimeligeuza swali hilo miaka na miaka. Kuna wakati natamani iwe homa.

Msibani Hamisi aliletwa mbele yangu. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu, mikono ya fundi. Alipiga magoti tukawa sawa, akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kwa mama kila siku." Akasema, "Kwa hiyo aliniona? Alisema nimekuja?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanishika mabega akalia, na watu wazima wakageuza nyuso wamwache alie. Wakasema, afadhali, kaondoka akiwa amemwona mwanae.

Tangu hapo kila mwezi wa mfungo Hamisi alitutumia boksi la tende kutoka Dar, na juu yake doti moja ya kanga kwa mama na zawadi ndogo kwa mjumbe. Kwanza rula na kalamu, baadaye kitambaa cha gauni, nilipoolewa akatuma seti ya vikombe. Watu walikuwa wakisema huyu ndugu anajua kushukuru. Mimi tende zile nilikuwa nagawa zote. Nilisema zinaniumiza meno.

Nilipokuwa na mimba ya kwanza ndipo nilipomwambia mama. Tulikuwa wawili, tunachambua mchele. Nilisema yote, rede, maboga, kuku, Hamisi. Mikono yake haikusimama kuchambua. Akasema, "Ile nazi mimi sikuiamini."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nalala saa moja usiku kucha, na nilikuwa namfikiria yule bibi mchana na usiku, amekula au hajala, na siwezi kutoka. Hata yeye mwenyewe angenifukuza nikitoka kabla ya arobaini. Ukaniambia Hamisi kaja. Nikasema moyoni, huu ni uongo. Halafu nikasema, lakini kama ni kweli, nitapumzika. Nikapumzika." Akaondoa jiwe kwenye ungo. "Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa mtu mzima."

Nilipomwambia nitamtafuta Hamisi nimweleze, alikataa. Ilikuwa mara pekee aliponipandishia sauti siku ile. "Umweleze ili iweje? Ili wewe ulale? Yule mtu hana kingine alichobaki nacho kwa mama yake. Ana hicho tu, kwamba alimwona. Ukimnyang'anya utampa nini?" Nikanyamaza miaka mingine mingi, na nikajiambia nanyamaza kwa ajili yake.

Mwaka jana Hamisi alikuja mwenyewe. Nywele zimeanza mvi. Alikuja na binti yake wa miaka kama kumi, jina lake Zuhura, kumwonyesha kaburi la bibi yake. Walipita kwangu wakala mchana. Baada ya kula akamvuta mtoto kwa bega, anatabasamu, anamwonyesha mimi.

"Huyu ndiye shangazi niliyekuwa nakusimulia. Mwulize sasa, bibi yako alipokuwa anaumwa alimwona nani?"

"Baba," mtoto akasema.

"Nilikuwa nimekuja na nini?"

"Na nazi." Alikuwa anaijua hadithi yote. Kisha akanigeukia, kwa adabu, mikono mapajani. "Shangazi, ni kweli bibi alimwona baba?"

Watu wazima nimewadanganya, na wengine walikuwa wanapenda kudanganywa. Lakini mtoto yule aliniuliza akiwa na umri kama wangu wa siku zile, na alikuwa anangoja jibu alichukue alipeleke mbele, kwa watoto wake.

Nikasema, "Hapana, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema."

Hamisi alimwambia bintiye akacheze nje na wenzake. Mlango ulipofungwa nilimweleza yote, bila kuangalia chini. Siku nane sikufika. Hakuna sufuria niliyofunua. Bibi hakuniambia neno lolote juu yake, wala juu ya nazi, na pale kitandani alipokubali, hakuna anayejua alikubali kwa nini. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi miaka yote ile, nimeyapanga mpaka na mahali pa kulia.

Hakutukana. Alikaa ameweka viganja juu ya meza, kama anayepima urefu wa ubao. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anapika nini? Kweli kweli."

"Uji," nikasema. "Siku ya mwisho niliyofunua ulikuwa uji."

"Wa nini?"

"Nadhani wa mtama. Ulikuwa mwekundu."

"Ulikuwa na sukari?"

Nikamwambia sijui, nilifunua tu nikafunika.

"Mama alikuwa hanywi uji bila sukari," akasema. "Na sukari ikimwishia alikuwa ananipigia, na siku zile hakunipigia." Akanitazama, akasubiri, kana kwamba nikijitahidi kidogo tu nitakumbuka.